Fimbo na Kazi Zake

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Mwezi uliopita walinijia watu wawili, kila mmoja kwa siku yake, nami nimeketi barazani baada ya sala ya Alasiri. Wa kwanza alikuwa baba aliyemshika mwanawe mkono. Akasema, "Maalim, nimekuletea huyu. Kwangu amenishinda. Mchape utakavyo, bora asome. Mimi sitakuuliza neno." Mtoto alikuwa akitazama chini, na jicho lake moja likiniangalia mkononi kama nimeshika kitu.

Wa pili alikuwa kijana mchimbaji wa upande wa Geita. Yeye na wenzake wanachimba duara moja, na muda wa miezi minne hawajaona chochote ila mawe. Mwenye duara amesema kila mmoja atoe fedha, aitwe mganga mwenye usinga, aupunge juu ya ardhi, aseme mwamba wa dhahabu umepita wapi. Kijana akaniuliza, "Maalim, nitoe au nisitoe? Nisipotoa watasema mimi ndiye mkosi wao."

Baada ya kuagana nao niliona kuwa maswali yao yote mawili ni maswali ya fimbo. Baba anataka fimbo imfanyie kazi ya malezi, na mwenye duara anataka fimbo imfanyie kazi ya jembe na sururu. Kwa hiyo nimeona yafaa mwezi huu tuizungumze fimbo yenyewe: ni nini, ina kazi gani, na ni kazi zipi ambazo si zake.

Kwanza tutazame lugha yetu, maana ina utajiri mkubwa katika jambo hili. Fimbo ni jina la zote. Bakora ni fimbo ya kutembelea, nayo aghalabu kichwa chake kimepindwa. Mkongojo ni wa mzee au mgonjwa, ambaye bila ya huo hasimami. Henzirani ni ile nyembamba inayopindika isivunjike, na jina lake limetoka katika Kiarabu. Kiboko kimeitwa kwa jina la mnyama wa majini, kwa kuwa zamani kilikatwa katika ngozi yake. Rungu lina kichwa kizito. Ufito ni wa kujengea ukuta, na upondo ni wa kusukumia chombo majini. Usinga ni mkia wa mnyama uliotiwa mpini, nao hushikwa na waganga. Hata kalamu za wazee wetu zilikuwa vijiti vya matete vilivyochongwa ncha. Mti mmoja ukikatwa waweza kutoa mkongojo wa kumwinua mzee na kiboko cha kumliza mtoto. Basi mtu akisema, "Nina fimbo," bado hajatuambia lolote mpaka aseme anaifanyia nini.

Swali hilo ndilo aliloulizwa Nabii Musa, alayhis salaam. Twasoma katika Surat Taha kwamba Mwenyezi Mungu alimwuliza kile kilichomo katika mkono wake wa kulia ni kitu gani, hali Yeye ni Mjuzi wa yote. Musa akajibu kuwa ni fimbo yake: huiegemea, huwaangushia majani kondoo na mbuzi wake, na tena anayo matumizi mengine. Tazameni jibu hilo, ndugu zangu. Musa alikuwa mchungaji aliyefanya kazi Madyan miaka mingi. Alipoulizwa juu ya fimbo alitaja kwanza kuegemea, kisha kulisha. Kupiga wanyama hakukutaja. Na fimbo hiyo hiyo, kwa idhini ya Mola wake, baadaye iligeuka nyoka, ikapasua bahari, ikapiga jiwe zikabubujika chemchemi 12. Uwezo wote huo ulikuwa wa Mwenye kuamrisha. Kama Musa angaliipiga bahari kwa shauri lake mwenyewe, bahari isingalifanya ila kumrushia maji.

Sisi watu wa Shinyanga na Geita tunalielewa jibu la Musa kuliko watu wengi, kwa kuwa hapa ni nchi ya ng'ombe. Kijana wa Kisukuma hushika fimbo ya kuchungia kabla hajashika kalamu. Naye mchungaji mwema hujulikana kwa namna anavyoishika: huielekeza mbele ya ng'ombe, wakageuka bila ya kuguswa. Mchungaji mbaya hupiga kutwa nzima, na jioni mifugo yake inarudi imetawanyika.

Na hayo majani ya kulisha pia yana mafunzo kwetu. Zamani miti ya Shinyanga ilifyekwa sana, kwanza ili kuwaangamiza mbung'o, kisha kwa mashamba na kuni, mpaka nchi ikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, na wananchi wakarudia desturi yao ya kale ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiguswe wakati wa masika ili iwafae ng'ombe wakati wa kiangazi. Miti ikaota tena. Kwa hiyo mwenye fimbo ya kuangusha majani hana budi ajue pia siku ya kuiweka begani.

Huko machimboni nako kuna mti ambao watu hawauiti fimbo, lakini kazi yake ni ile ile ya mkongojo. Ni matimba, yaani magogo yanayopangwa ndani ya duara ili kuuzuia udongo usiwaangukie waliomo. Mwenye duara anayeona uchungu kununua matimba, lakini anazo fedha za kumpa mganga, ameacha mti unaomwokoa na kushika mti unaomdanganya. Maneno haya naomba vijana wa machimbo wayaweke moyoni.

Misikitini pia tunayo fimbo. Siku ya Ijumaa katika misikiti yetu mingi khatibu hupanda mimbari akiwa ameshika asa, na imepokewa ya kuwa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alihutubu akiegemea fimbo au upinde. Vile vile alipokuwa safarini alichomekewa mkuki mfupi mbele yake, akasali akiuelekea, ili watu wasipite baina yake na mahali pake pa kusujudu. Fimbo ya mimbarini haijampiga mtu tangu zamani hizo, na hapana anayeidharau.

Kuna tena fimbo ya utawala. Sote twakumbuka kifimbo cha Mwalimu Julius Nyerere. Watu walikitungia hadithi nyingi, wakasema kina nguvu za ajabu, naye alikuwa na kifimbo tu. Jirani zetu wa Kenya walimwona Rais Daniel arap Moi na rungu lake dogo muda wa miaka 24 ya utawala wake, tangu 1978 mpaka 2002. Wakubwa hao wote wawili wamekwisha fariki, na vifimbo vyao vimebaki kumbukumbu. Mwenye kutaka mazingatio na asome habari za Nabii Sulaiman katika Surat Saba. Alifariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi nzito kwa kumdhania yu hai, mpaka mdudu wa ardhi alipoila ile fimbo naye akaanguka. Ufalme ambao haukupata kuwa na mfano, mwisho wake ulionyeshwa na mchwa. Basi baba, mwenyekiti, maalim, na kila aliye na fimbo ya amri katika nyumba au kijiji, na ajue ya kuwa mchwa anaijua njia ya kwake.

Sasa tuje kwa swali la yule kijana, nalo ni la fimbo ya uwongo. Wachawi wa Firauni nao walikuwa na fimbo. Walizitupa na kamba zao, na kwa uchawi wao watu wakaona kama kwamba zinakwenda mbio. Walikuwa wamemwuliza Firauni mapema kama watapata ujira wakishinda, naye akawaahidi. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya fimbo ya uwongo: bei hutajwa kabla ya kazi. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na azlamu, nazo zilikuwa vijiti vya mishale visivyo na manyoya. Mtu akitaka kusafiri au kuoa alivitikisa, kimoja kikamwambia fanya na kingine kikamwambia usifanye. Mwenyezi Mungu ameviharimisha katika Surat al-Maida, akavitaja pamoja na ulevi na kamari na masanamu. Mtume (s.a.w.) alipoiingia Makka mwaka wa 8 wa Hijra alikuta katika Al-Kaaba picha ya Ibrahim na Ismail wameshikishwa vijiti hivyo. Akaamrisha ifutwe, akasema ya kuwa hao waliochora walijua vyema kwamba manabii hao hawakupiga bao kwa vijiti hata siku moja.

Usinga wa mpiga ramli ni ndugu wa azlamu. Na katika nchi yetu hii, wasomaji wapenzi, jambo hili si mchezo wa kuchekea. Sote twajua namna vikongwe walivyouawa katika vijiji vya Usukuma kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo umeletwa na moshi wa kuni na samadi ambao mama huyo aliuvumilia maisha yake yote akiwapikia watoto na wajukuu. Aliyemnyoshea kidole mara nyingi ni mpiga ramli. Kuanzia kama mwaka 2007 mambo yakazidi ubaya: watu wenye ualbino wakawindwa katika mikoa hii ya Ziwa, kwa kuwa kuna waliowaambia wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vya binadamu huvuta mali. Watoto wengi wakakimbiziwa katika kituo cha Buhangija, hapa Shinyanga, wakalelewa mbali na mama zao. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto mwenye ualbino. Mwaka huo huo serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi, na Januari 2015 ikatangaza tena kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Kwa hiyo, kijana wangu, usitoe. Imepokewa na Imam Muslim ya kuwa anayemwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, sala zake za siku 40 hazikubaliwi. Na hata ukiacha sala, tumia akili uliyopewa. Mtu ambaye angaliweza kuiona dhahabu kwa kupunga mkia wa mnyama, kwa nini anangoja mchango wa watu wasio na chakula cha jioni? Angalichimba mwenyewe. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu zama za Wajerumani, na almasi ya Mwadui aliivumbua Dakta Williamson mwaka 1940, naye alikuwa msomi wa elimu ya miamba aliyezunguka miaka kupima mawe na mchanga. Waambie wenzako fedha hizo zinunue matimba. Wakikuita mkosi, vumilia. Ni afadhali uitwe mkosi kuliko siku moja uambiwe ulishiriki katika gharama ya damu ya mtu.

Nimebakiwa na swali la yule baba, na hili ni zito kwangu kuliko yote, kwa kuwa siwezi kulijibu bila ya kujishtaki.

Mimi nimesoma kwa fimbo. Maalim wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mcha Mungu, na henzirani yake haikuwa mbali naye. Nilipokuwa maalim mimi mwenyewe niliirithi desturi hiyo bila ya kufikiri, nikadhani ni sehemu ya elimu. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa miaka kama 10, mpole, ambaye alikuwa akichanganya herufi zilizofanana, zile ambazo tofauti yake ni nukta tu. Kila alipokosea nilimpiga vidoleni. Kila nilipompiga, siku ya pili alikosea zaidi, kwa kuwa jicho lake lilikuwa katika mkono wangu na si katika ubao. Asubuhi moja hakuja. Kisha tukasikia ya kuwa na shuleni pia ameacha, amefuatana na wakubwa kwenda machimboni.

Miaka kumi na zaidi ilipita. Siku moja nilialikwa katika nikaha upande wa Nyarugusu, nikasali Magharibi katika msikiti wa mabati ulio karibu na makarasha. Katika safu ya mwisho nilimwona kijana mrefu, nguo zake zimejaa vumbi la mawe. Alikuja kunipa mkono, akasema, "Shikamoo Maalim." Nikamjua kwa sauti. Tulipoketi kuzungumza nilimwuliza habari ya sala zake. Akanyamaza, kisha akasema, "Maalim, mimi husimama tu na watu. Fatiha niliiacha katikati."

Ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akisimama mbele ya Mola wake na midomo iliyofungwa, na aliyeifunga ni mimi, kwa fimbo niliyodhani namfundishia Kurani. Nilikaa huko siku tatu zaidi. Kila baada ya Isha tulikaa pamoja, nikachukua njiti ya ufagio nikimwonyesha herufi moja moja, naye akisoma. Aliimaliza Fatiha usiku wa tatu. Tulikuwa tumeagana aje kwangu mwezi unaofuata tuendelee na sura fupi. Hakuja. Nikaambiwa dhahabu imeonekana mahali pengine nao wamehama. Mpaka leo sijui yuko wapi, na kila nikisikia duara limeangukia watu, moyo wangu humwendea yeye.

Watu wataniambia, "Je, Maalim, hukusoma hadithi ya kuwaamrisha watoto sala wakiwa na miaka 7, na kuwapiga kwayo wakiwa na miaka 10?" Naam, nimeisoma. Lakini tuisome yote. Kwanza ni miaka mitatu mizima ya kuamrisha, siku baada ya siku, sala tano kila siku. Hesabu ni mara ngapi hizo! Ni nani katika sisi aliyemwamrisha mwanawe kwa upole mara elfu tano kabla ya kunyanyua mkono? Kisha hadithi yenyewe ni ya sala, wala si ya mtoto aliyesahau nukta. Na wanazuoni wameweka mipaka: isiwe usoni, isiache alama, isiwe kwa hasira. Anayeondoa ghadhabu kwanza, kisha akatazama mipaka hiyo, mara nyingi ataona fimbo imekwisha kukosa kazi.

Na tumtazame mwenye hadithi mwenyewe. Bibi Aisha (r.a.) amesema ya kuwa Mtume (s.a.w.) hakumpiga mtu kwa mkono wake, mwanamke wala mtumishi, isipokuwa katika vita vya njia ya Mwenyezi Mungu. Anas bin Malik alimtumikia miaka 10 tangu udogoni, na hakumsikia akimwambia hata "ah!" Na Abu Masud alipokuwa akimpiga mtumwa wake kwa mjeledi alisikia sauti nyuma yake ikimwonya ya kuwa Mwenyezi Mungu ana uwezo juu yake kuliko uwezo alio nao yeye juu ya yule kijana. Akageuka, akamwona ni Mtume. Mjeledi ukamwanguka mkononi, na mtumwa akamwacha huru papo hapo.

Mwanachuoni mkubwa Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliandika katika Muqaddima yake kwamba ukali juu ya wanafunzi huwadhuru, hasa wadogo: huwaondolea uchangamfu, huwatia uvivu, na huwafundisha uwongo na hila kwa kuogopa mkono utakaowaangukia. Sheria ya nchi yetu nayo imeweka mipaka. Kanuni za mwaka 2002 zasema viboko shuleni visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe daftarini. Na yaliyotokea Bukoba mwezi wa Agosti 2018, pale mwanafunzi wa shule ya msingi alipofariki baada ya kupigwa, na mwalimu wake akahukumiwa kifo mwaka uliofuata, yawe onyo kwetu sote tulioshika watoto wa watu.

Nilimjibu yule baba hivi: "Ndugu yangu, mwanao nimempokea. Fimbo sina. Ninayo njiti ya kuonyeshea herufi, nayo naitaka aione kila siku mpaka aizoee. Lakini wewe uko machimboni siku 25 katika mwezi, na wahenga wamesema fimbo ya mbali haiui nyoka. Unaporudi siku hizo tano, kaa naye baada ya Magharibi akusomee alichojifunza, hata kama ni mstari mmoja." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, na mimi mwenyewe sijui kusoma." Nikamwambia basi na aje pamoja naye. Amekuja mara mbili. Anakaa nyuma ya watoto na miguu yake mirefu, na mwanawe ndiye anayemshikia njiti.

Wasomaji wapenzi, usiku huu kila mmoja wenu na ajiulize lile swali aliloulizwa Nabii Musa, ajue mkononi mwake mna nini na anakifanyia nini. Mama mwenye mwiko, baba mwenye mkanda, kijana mwenye sururu, na sisi maalimu kuliko wote. Mola wetu atusamehe tuliyoyafanya kwa ujinga, awarudishe watoto wetu waliokimbia, na aifanye mikono yetu iwe ya kuegemewa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullah.